Kola ya Fundi Viatu: Njiwa Jike Anavyouguzwa Nyumbani

Charlie Brewer alikuwa fundi viatu katika mji wa Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, na mfugaji wa njiwa wapeleka barua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jike wake mmoja, Mary, alitumika kuleta ujumbe kutoka ng'ambo ya bahari, Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Zaidi ya mara moja alirudi nyumbani na majeraha. Safari moja mwewe alikuwa amemchana shingo na kidari. Nyingine akarudi ncha ya bawa imekatwa kwa risasi, na chembe tatu za risasi zikatolewa mwilini. Exeter iliposhambuliwa kwa ndege mwaka 1942, hata banda lake lilipigwa bomu na wenzake wengi wakafa. Mwishowe aliokotwa shambani akiwa hoi, misuli ya shingo imeharibika kiasi kwamba kichwa hakikai.

Brewer alichukua ngozi, kitu alichokijua vizuri kwa kazi yake, akatengeneza kola ndogo ya kukishikilia kile kichwa mpaka shingo ipate nguvu. Mary alivishwa nishani ya Dickin Novemba 1945, akaishi hadi 1950. Kwa jumla alikuwa ameshonwa nyuzi 22, katika mwili wa takriban nusu kilo.

Habari zake zimesimuliwa sana kwa upande wa ushujaa, na ni haki yake. Nishani ya Dickin ilianzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama waliotumika vitani, na kati ya nishani 54 zilizotolewa hadi 1949, njiwa walipata 32. Ila kwa mtu mwenye njiwa mgonjwa ndani ya nyumba, sehemu yenye faida ni ile ambayo wasimulizi huipita haraka, yaani kazi aliyoifanya fundi viatu baada ya njiwa kurudi.

Kola ile ilibeba uzito wa kichwa, basi. Kupona kulifanywa na mwili wa Mary wenyewe. Njiwa huitegemea shingo kwa karibu kila jambo. Kwa shingo huinama kudona, huzamisha mdomo kunywa, hufikia manyoya ya mgongoni kuyasafisha. Hata kuona kwake kuko shingoni: kile kichwa kinachochezacheza anapotembea husogea mbele kisha hutulia mahali pamoja kwa kitambo kidogo, macho yapate kuona sawasawa huku mwili ukiendelea mbele. Njiwa aliyelegea shingo huweza kufa kwa njaa na kiu kabla jeraha halijamuua. Mlezi mzuri hutafuta ni mzigo gani mwili umeshindwa kuubeba, akaubeba yeye kwa muda. Na kwa njiwa wengi wanaougua, mzigo wa kwanza ni joto.

Njiwa mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, juu kuliko la binadamu kwa nyuzi nne au tano. Joto hilo hupatikana kwa chakula, na ndege aliyeacha kula huanza kuichoma misuli ya kidari chake. Ndiyo maana mgonjwa hujikunyata pembeni, manyoya ametutumua, macho nusu yamefumba. Wafugaji wa pwani huona hali ya hewa ya kwao inatosha. Haitoshi, hasa usiku na alfajiri. Mgonjwa anataka takriban nyuzi 30 saa zote, pasipo upepo. Katoni yenye matundu, taulo chini yake, na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa hufanya kazi hiyo vizuri. Chupa iwekwe upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto ahamie upande wa pili.

Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho kabisa. Mapafu ya ndege, yakisaidiwa na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, huchukua hewa kwa ukamilifu kuliko yetu, na sumu huichukua hivyo hivyo. Jikoni napo si mahali pake: kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kisigande, kikiachwa kitupu juu ya moto mkali, hutoa mvuke unaoweza kuua ndege kwa dakika chache.

Baada ya joto, maji, na hapa njiwa hafanani na kuku. Kuku huchota tone, akainua kichwa ili literemke. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo. Kisahani kilicho bapa hakimfai. Anahitaji chombo chenye kina cha sentimita mbili tatu. Dhaifu asiyejiweza hushikwa, mdomo wake ukaingizwa taratibu katika maji ya vuguvugu, matundu ya pua yakibaki juu. Wengi hunywa wenyewe. Kumsukumia maji kwa bomba la sindano ni hatari kwa asiyezoea, kwa sababu njia ya hewa iko wazi hapo hapo nyuma ya ulimi, na maji kidogo yakipotelea humo huleta nimonia. Kwa siku ya kwanza walezi wengi wa ndege hutumia ORS ya dukani, ikikorogwa kwa kipimo kile kile cha kwenye pakiti.

Chakula ni cha tatu, na hapa huruma ndiyo huua. Mtu huona mfupa wa kidari umechomoza, akamshindilia njiwa uji au nafaka kabla hajapata joto. Gole, ule mfuko wa kifuani wa kuwekea chakula, halisukumi kitu mwili ukiwa umepoa na kukauka. Chakula hulala humo kikachacha, na mgonjwa aliyekuwa na tatizo moja akawa na mawili.

Akishapata joto na maji, na kinyesi kikaanza kutoka, ndipo alishwe kwa mkono. Njegere na punje za mahindi mabichi, zilizochemshwa kidogo na kuachwa zipoe hadi vuguvugu, hushuka vizuri. Njiwa huviringishwa taulo na kupakatwa, mdomo ukafunguliwa kwa vidole viwili, punje moja ikawekwa nyuma kabisa ya ulimi, ataimeza. Mkubwa hutosheka na punje 30 au 40 kwa mlo mmoja, na mlo unaofuata husubiri gole litoe ulichokiweka. Mara mbili tatu za mwanzo atapigana na mkono. Baadaye wengi hufungua mdomo wenyewe.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ina thamani kuliko chupa nyingi za dawa. Njiwa wa mitaani ana gramu 300 hadi 400 hivi, na kushuka kwa gramu 20 hakuonekani kwa macho kwa sababu manyoya huficha upungufu huo. Apimwe kila asubuhi kabla ya kula, namba iandikwe. Cha pili cha kusoma ni kinyesi. Cha njiwa mzima ni kidonge cha kahawia au kijani iliyokolea chenye kofia nyeupe. Kinyesi chepesi cha kijani kinachong'aa mara nyingi ni dalili kwamba chakula hakipiti. Jike anayeatamia asihukumiwe haraka, maana yeye hujizuia kwa saa nyingi asichafue kiota, kisha hutoa rundo kubwa lenye harufu kali. Wageni wa ufugaji hulichukulia rundo hilo kuwa ugonjwa, wakaanza kumpa dawa jike asiye na kasoro.

Kwa jike, kabla ya kutaja ugonjwa wowote, liulizwe yai.

Njiwa hutaga mayai mawili, la pili likija yapata siku mbili baada ya la kwanza, na kila ganda hujengwa kwa kalsiamu inayotoka katika damu yake. Mwaka 1934 watafiti wa Marekani, Preston Kyes na Truman Potter, walieleza jambo la ajabu katika mifupa ya njiwa majike: kabla ya kutaga, uwazi ulio ndani ya mifupa hujaa mfupa mpya, laini, ambao hutoweka baada ya mayai kutoka. Hiyo ndiyo ghala yake ya kalsiamu. Ghala ikiwa tupu, ganda hutoka laini au limekunjamana, na misuli ya mrija wa mayai, ambayo nayo huhitaji kalsiamu ili ikaze na kusukuma, huishiwa nguvu. Yai likanasa.

Jike wa namna hiyo husimama wima kupita kawaida, mkia ukipanda na kushuka kila anapokaza, au hukaa sakafuni miguu ikiwa haina nguvu kwa sababu yai hugandamiza mishipa ya fahamu ya nyonga. Watu hudhani amevunjika mguu. Kinachofanyika nyumbani ni kumwongezea joto, kuipa hewa ya katoni unyevu kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, kumpa kalsiamu ya maji kwa kipimo kilichotajwa na daktari wa mifugo, na kumwacha gizani bila kelele. Tumbo lisikamuliwe kamwe. Yai likipasukia ndani, vipande vya ganda huchana mrija na kuleta uambukizo ambao ndege wachache huuvumilia. Saa chache zikipita bila yai naye akilegea zaidi, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Huko anaweza kuchomwa sindano ya kalsiamu na maji, kupewa homoni ya kuamsha misuli, au yai kunyonywa kwa sindano ili ganda lisinyae.

Kinga ni rahisi mno kulinganisha na tiba: kibakuli cha maganda ya chaza yaliyosagwa, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kupondwa, pamoja na jua. Hilo la jua linahitaji kusisitizwa. Mwili haufyonzi kalsiamu ipasavyo pasipo vitamini D, na kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mwanga inayoitengeneza. Njiwa anayeota jua nyuma ya kioo kila siku bado anaweza kukosa.

Dume naye atengwe, hata kama wawili hao hawaachani. Dume anayemtaka jike wake arudi kiotani humfuata hatua kwa hatua akimsukuma, na mgonjwa hapati nafasi ya kula wala kupumzika.

Yai likiondolewa kwenye orodha, kinywa kifunguliwe mbele ya mwanga. Utando wa njano unaofanana na jibini kooni mara nyingi ni kazi ya Trichomonas gallinae, kijidudu ambacho wazazi huwapa makinda kupitia maziwa ya gole wanayowalisha, na ambacho kina dawa zake mahususi. Utando huo usibanduliwe. Chini yake kuna damu nyingi.

Shingo iliyopinda ni habari nyingine. Inaweza kuwa virusi vya njiwa vya jamii moja na mdondo wa kuku, ambavyo mwaka 1984 viliingia katika mabanda ya kuku Uingereza baada ya chakula kilichohifadhiwa bandarini Liverpool kuchafuliwa na njiwa. Hapo kola kama ya Mary haisaidii, kwa sababu kilichoharibika ni mishipa ya fahamu, siyo misuli. Njiwa huyu huona punje, akadona pembeni yake. Bakuli lenye kina lililojaa nafaka humwezesha, maana popote mdomo utakapotua utakuta chakula. Wapo wanaopona baada ya wiki nyingi za kulishwa, na wanastahili wiki hizo. Kuku wa nyumba hiyo wakae mbali naye, na mlezi anawe na kubadili viatu.

Sasa dawa. Duka la dawa za mifugo limejaa vitu vilivyopimwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na njiwa si mbuzi mdogo. Fenbendazoli, dawa ya minyoo inayoaminika kwa mifugo mingi, imewaua njiwa kwa kuharibu uboho unaotengeneza damu, na walio katika kuota manyoya hupata manyoya yaliyopinda. Unga wa tetrasaiklini unaokorogwa katika maji ya kunywa una kasoro yake kwa jike hasa: kalsiamu huifunga dawa tumboni isifyonzwe. Jike anayepewa maganda ya chaza na tetrasaiklini kwa pamoja anaweza kukosa faida ya dawa yote, na mwenye dawa akaamini imeshindwa. Mlezi amwambie daktari kila kitu ambacho ndege anakula.

Kinyesi kilichokauka kisifagiliwe kikiwa vumbi. Kinyunyiziwe maji kwanza. Ndani yake kunaweza kuwa na kuvu aina ya Cryptococcus, hatari sana kwa mtu mwenye kinga dhaifu, na mtu wa namna hiyo asipewe kazi ya kusafisha katoni.

Uzito ukipanda siku kadhaa mfululizo na mgonjwa akila mwenyewe, bado asirudishwe kutaga. Wala kumtenga na dume si dawa ya hilo. Mwaka 1939 Mwingereza L. Harrison Matthews alionyesha kwamba njiwa jike aliye peke yake huweza kutaga akiwa na kioo cha kujitazama tu. Anayefugwa ndani huweza kumchagua mlezi kuwa mwenzi wake, na kupapaswa mgongoni kukamwamsha vilevile. Kwa hiyo kioo kiondolewe, mgongo usipapaswe, na asiwekewe kona yenye giza inayofanana na kiota. Akitaga hata hivyo, mayai yasitupwe, kwani atayafidia kwa mengine baada ya siku chache na kuichota tena ghala ambayo haijajaa. Yabadilishwe kwa mayai ya plastiki au ya mbao, ayalalie wiki mbili na nusu hadi tatu mpaka ayaache mwenyewe, huku kibakuli cha maganda kikiwa karibu na asubuhi zake zikiendelea kuanzia kwenye mizani.