Tufani Isiyo na Sanamu: Oya, Kibogo na Msanii wa Rwanda

Msanii anayetaka kumchora Oya, mungu wa kike wa tufani katika dini ya Wayoruba, hakosi pa kuanzia: zipo pembe za nyati, upo Mto Niger unaoitwa kwa jina lake, yupo pia mumewe Shango, mwenye radi. Msanii wa Kigali akigeukia visasili vya kwao hakuti hazina kama hiyo ya vielelezo. Nkuba, mfalme wa mbinguni na baba wa Kigwa katika masimulizi ya chimbuko la Rwanda, anajulikana kwa jina ambalo ndilo neno la Kinyarwanda la radi, na karibu yote tuliyo nayo juu yake ni maneno. Hata imigongo, sanaa ya Nyakarambi inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe, hushikilia mistari na pembetatu. Makala hii inashikilia kwamba hali hiyo si upungufu. Ushahidi wake ni riwaya ya Scholastique Mukasonga, *Kibogo est monté au ciel* (2020).

Kibogo, mwana wa mfalme, alipaa mbinguni ili mvua inyeshe. Mukasonga anakichukua kisa hicho na kukiweka katika njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mapadri wanamwomba Bikira Maria. Wazee wanamwendea kwa siri Mukamwezi, mke wa Kibogo. Nani basi mwenye mvua? Riwaya haijibu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Akayezu anaiunganisha Injili na kisa cha Kibogo, anafukuzwa na Kanisa. Baadaye msomi wa Kizungu anawasili, na wanakijiji wanampa kile hasa alichokuja kukitafuta. (Sisi watafiti tusicheke haraka.) Kila msimulizi anamuumba Kibogo upya, hivyo hakuna umbo moja linaloweza kuwekwa juu ya kiguzo.

Dosari ipo. Kejeli dhidi ya mapadri mara nyingine ni rahisi mno, ilhali Mukamwezi, aliyebeba ibada yenyewe mwilini mwake, huonekana zaidi kwa macho ya wengine kuliko kwa sauti yake. Kwa hilo wachoraji wa Oya wamemzidi Mukasonga: kwao mwanamke ndiye tufani, wala si mjane wake.

Suala hili linagusa sera. Ngoma ya Intore iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2024, jambo la kufurahia. Ngoma huonekana, hupigwa picha. Kisa kinachoishi kwa kubishaniwa ni kigumu kusajili, na mshauri wa sera atashawishika kuchagua toleo moja "sahihi" la Kibogo, kisha kuwaagiza wachongaji sanamu yake. Afadhali fedha hizo zirekodi wasimulizi wawili wa kilima kimoja wasiokubaliana, na msanii apewe kanda zote mbili.