Propofoli mwilini: kwa nini mwanamke huzinduka mapema

Mtaalamu wa usingizi akisukuma propofoli mshipani, mgonjwa hupoteza fahamu kabla dakika haijaisha. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Hesabu hiyo ya kilo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu haisemi chochote kuhusu kilo zenyewe zimeundwa na nini, wala mwili wenyewe ni wa mwanamume au wa mwanamke.

Propofoli ilianza kutumika Uingereza mwaka 1986, baada ya miaka mingi ya kazi ya John Glen na wenzake katika kampuni ya ICI. Haiyeyuki kwenye maji, hivyo huchanganywa na mafuta ya soya na lesithini ya yai, na ndiyo maana kimiminika chake ni cheupe kama maziwa. Kupenda mafuta huko ndiko kunakoamua safari yake yote mwilini. Huvuka haraka kuingia kwenye ubongo, ambao hupata damu nyingi, na huko huvipa nguvu vipokezi vya GABA vinavyotuliza chembe za neva. Kisha damu huendelea kuisambaza kwenye misuli, na polepole zaidi kwenye mafuta. Kiwango chake kwenye damu kinaposhuka, dawa hutoka ubongoni. Mgonjwa aliyedungwa sindano moja huzinduka baada ya dakika tano hadi kumi, ilhali sehemu kubwa ya dawa bado imo mwilini mwake. Imehama tu.

Kazi ya kuiondoa kabisa ni ya ini hasa, likitumia vimeng'enya kama UGT1A9 na CYP2B6. Hapa tarakimu zinasema mengi. Mwaka 2018 Douglas Eleveld na wenzake walichapisha modeli iliyounganisha data za tafiti 30 na watu 1,033. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye miaka 35, modeli hiyo inakadiria kwamba mwili wa mwanamume husafisha propofoli kwenye lita 1.79 za damu kwa dakika, na wa mwanamke lita 2.10. Uzito ni uleule na umri ni uleule, lakini mwanamke anaisafisha kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 17. Tena viwango vyote viwili vinapita kiasi cha damu kinachopita kwenye ini, ambacho ni kama lita moja na nusu kwa dakika. Maana yake figo nazo zinashiriki.

Tofauti hiyo ilikuwa imeonekana mezani pa upasuaji kabla ya modeli hiyo. Mwaka 1999 Tong Joo Gan na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 274 waliolazwa kwa propofoli, alfentanili na gesi ya nitrasi oksaidi. Lengo lao la awali lilikuwa kupima faida ya kifaa cha BIS, kinachosoma mawimbi ya ubongo na kuyapa alama kati ya 0 na 100. Jinsia ya mgonjwa ikajitokeza yenyewe. Baada ya dawa kuzimwa, wanawake walifumbua macho kwa wastani wa dakika 7.05, wanaume dakika 11.22. Dakika nne ni muda mrefu sana ndani ya chumba cha upasuaji.

Lakini muda wa kufumbua macho pekee hauwezi kutuambia kama dawa imetoka haraka zaidi kwenye damu ya mwanamke, au kama ubongo wake unaipinga zaidi. Nadhani yote mawili yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu dawa za usingizi za kuvutwa kwa pumzi ulionyesha kwamba ubongo wa kike huhimili dawa hizo zaidi, na kwamba mawimbi ya ubongo hayaonyeshi tofauti hiyo. Hili linanitia wasiwasi, kwa sababu kifaa tunachokitegemea kutuonya kinasoma mawimbi hayohayo.

Ugumu mkubwa unakuja na dawa ya kulegeza misuli. Rokuroniamu, mojawapo ya dawa hizo, hufanya kazi kinyume kabisa na propofoli: mwanamke huhitaji pungufu kwa takriban asilimia 30 ili alegee sawasawa na mwanamume. Sasa wape wote wawili dozi ileile kwa kilo. Mwanamke ataanza kupata fahamu mapema, na misuli yake itachelewa kurudi. Anasikia, lakini hawezi kuinua hata kidole kutoa ishara.

Ripoti ya NAP5 ya Uingereza na Ireland ya mwaka 2014 ilikadiria kisa kimoja cha kupata fahamu bila kutarajiwa kwa kila nusukaputi 19,000. Pale dawa ya kulegeza misuli ilipotumika, ilikuwa kisa kimoja kwa kila 8,000. Bila dawa hiyo, kimoja kwa kila 136,000. Kuwa mwanamke kulihesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Kwa upasuaji wa kujifungua ilikuwa kisa kimoja kwa takriban 670, ingawa huko zipo sababu nyingine pia, kama haraka ya kumtoa mtoto.

Pampu za kisasa, zinazokokotoa dozi kwa kufuata modeli, hujaribu kurekebisha hesabu hiyo ya kilo. Modeli ya Marsh hutazama uzito tu. Ya Schnider huongeza umri, urefu na jinsia. Ya Eleveld nayo inaitambua jinsia. Lakini katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki pampu hizo ni adimu, na dozi hupimwa kwa jicho na mkono wa mtaalamu. Hapo mpangilio wa kumaliza upasuaji ndio kinga. Weka kifaa cha kuchochea neva kwenye kifundo cha mkono, toa mipigo minne, pima jinsi kidole gumba kinavyoitikia. Mpigo wa nne ukifikia angalau asilimia 90 ya nguvu ya ule wa kwanza, misuli imerudi. Propofoli izimwe baada ya hapo, hasa mgonjwa akiwa mwanamke.