Mkanda wa Gobore

Pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, fundi viatu mmoja wa Tunduma alikuwa akikata mkanda wa bunduki. Kazi hiyo imekuwa adimu. Wanaomjia siku hizi wanataka soli na zipu za mabegi.

Ngozi alichagua ya mgongo wa ng'ombe, maana ya tumboni huvutika. Akatoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi uliopakwa nta, na penye pete akarudia mshono, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote unaponing'inia. Upande laini akauacha nje, wenye ukakasi ukae begani.

"Laini inateleza, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Na bunduki ikiteleza haikuambii inamwangukia nani."

Wazee waliokuwa wakifuata ngiri na pongo bonde la Momba, hadi karibu na Ziwa Rukwa, walikuwa na adabu ya mkanda. Gobore lilining'inizwa mtutu juu. Likiinamishwa, goroli huweza kuteleza na kuachana na baruti, na kukibaki nafasi katikati yake mtutu unaweza kumpasukia mpigaji. Fataki haikuwekwa maadamu silaha iko begani. Penye mtaro au gogo, gobore lilivuliwa likakabidhiwa mwenzako, mtutu ukitazama kusiko na mtu. Kwenye migunga mkanda ulikunjwa kiganjani, usije ukanaswa na miiba. Kijiti kinachoshika mkanda kinaweza kushika na kifyatulio. Kijana alijifunza hayo kwa kufuata nyuma na kukemewa, na kukemewa kwenyewe hakukuwa kwa upole.

Hapo jirani, Unyiha ilikuwa nchi ya wafua chuma kabla Mjerumani hajafika. Sasa hata mkanda tunaukwanyua kwenye begi la mtumba, wa nailoni wenye kifungo cha plastiki, tukaufunga kwa waya na kujiita wawindaji! Halafu bunduki ya kisasa, risasi imo chemba, inapandishwa bodaboda na kurushwarushwa kwenye makorongo. Wapo watakaosema kilichopungua ni wanyama, si mafundi. Sawa, lakini uchache wa wanyama haumwondolei mwindaji wajibu wa kumlinda mwenzake.

Sheria ya wanyamapori ya 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni, na ile ya silaha ya 2015 inataka bunduki imilikiwe kwa kibali. Ni haki kabisa. Ila kuna watu wana karatasi zote mbili mfukoni na bado wanaruka mtaro na bunduki begani.

Ninyi mtakaoingia porini kwa leseni msimu ujao, kataeni mkanda wa begi. Mafundi wa ngozi hawajaisha: wapelekeeni kazi wangali na nguvu. Na risasi itolewe chemba kabla bunduki haijapanda begani.