Mtambo Umeonya, Nani Anasikiliza?

Kwenye mijadala ya viwanda janja kuna makala moja isiyokosa kutajwa: ile ya Michael Porter na James Heppelmann iliyotoka katika Harvard Business Review, Novemba 2014, kuhusu bidhaa janja zilizounganishwa na mtandao. Mimi pia niliipenda. Nimeirudia tena juzi, na safari hii nimeona pengo ambalo kiwanda kinaweza kutumbukia kikiwa na vifaa vizuri kabisa.

Tuanze na uzuri wake. Waandishi wanapanga uwezo wa vifaa hivi katika ngazi nne: kufuatilia, kudhibiti, kuboresha utendaji, na mwisho kifaa kujiendesha chenyewe. Kila ngazi inategemea iliyo chini yake. Chukua mota inayozungusha pampu. Beringi ikianza kulika, mtetemo wa mota hubadilika, mara nyingi mapema kabla sikio la mtu halijagundua. Kihisi kinapima mtetemo, mtandao unasafirisha data, programu inalinganisha na hali ya kawaida, kisha inatoa onyo. Hapo hakuna uchawi, ni fizikia tu.

Sasa swali: onyo likishatoka, nani ana ruhusa ya kusimamisha mota? Tuseme msimamizi wa zamu anapimwa kwa tani alizozalisha leo. Fundi aliyeliona onyo hana mamlaka. Beringi mpya haipo stoo. Basi mota itazunguka tu mpaka ife, huku skrini ikiwa imeonya tangu mwanzo. Kiwanda kimelipia taarifa ambayo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuitumia.

Tuwatendee haki: Oktoba 2015 wawili hao waliandika makala ya pili kuhusu mabadiliko ndani ya kampuni. Humo wanazungumzia kitengo maalumu cha data, na idara kufanya kazi kwa pamoja. Ni hatua nzuri, ila bado inatazamwa kutoka ofisi za juu. Fundi wa zamu ya usiku haonekani sana. Halafu tusisahau kwamba Heppelmann wakati huo alikuwa mkuu wa PTC, kampuni iliyokuwa ikiuza programu za kuunganisha vifaa hivyo. Makala haifichi cheo chake, na simwiti mwongo. Nasema tu kwamba muuzaji akisifia bidhaa yake, msomaji aulize na gharama zake.

Shaka yangu kubwa iko kwenye ngazi ya nne. Mpangilio wenyewe unamfanya mtu aonekane kama kitu cha kuachwa nyuma kadiri unavyopanda. Machi 2019, Norsk Hydro, kampuni ya alumini ya Norwei yenye wafanyakazi wapatao 35,000, ilivamiwa na wadukuzi waliofunga mafaili yake na kudai pesa. Kampuni ilikataa kulipa, ikarejesha mifumo kutoka nakala za akiba. Wakati huo baadhi ya viwanda vyake viliendeshwa kwa mkono na kwa karatasi. Hilo liliwezekana kwa sababu walikuwepo watu waliojua kazi bila skrini. Ujuzi huo usipofanyiwa mazoezi hupotea, na katika ngazi zile nne haujapewa nafasi.

Sisemi viwanda viachane na vihisi. Fundi anayejua beringi gani inakaribia kufa anapanga kazi yake vizuri zaidi, na yuko salama zaidi. Kwa hiyo isome makala hiyo, inafaa. Ila ukimaliza, chora ngazi nne kwenye karatasi, na mbele ya kila moja andika jina: nani ataliona onyo, nani ataamua, na nani ataendesha mtandao ukikatika. Ngazi itakayobaki bila jina, usiinunulie kitu kwanza.