Ngozi ya Picha: Kupima Michoro ya Udongo na Mchanga

Anayetaka kununua picha dhahania yenye uso wa mparuzo, iliyopakwa udongo, mchanga au chokaa, apitie kwanza Kilwa Kisiwani. Aziangalie kuta za Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14. Lipu ilipobanduka, matumbawe yanaonekana na vitundu vyake; iliposalia, bado ni laini. Kila panapokwaruza pana sababu. Picha nayo iulizwe hivyohivyo: nundu hii imeletwa na nini?

Isogeze mlangoni, mwanga uipige kwa ubavu. Taa ya dukani inayomulika kutoka mbele huficha mengi. Ukiona matuta ya kimo kimoja, yamepangwa sawasawa toka pembe hadi pembe, mchoraji alikuwa akijaza nafasi tu. Fundi hujua pa kurundika na pa kuacha kitambaa kikionekana.

Nyufa ndizo huwachanganya wanunuzi. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Ikikaushwa haraka juani, hupasuka. Udongo uliokosa gundi ya kutosha, au uliopakwa mnene kwa mkupuo mmoja, hupasuka vilevile. Lakini si kila ufa ni kasoro. Mwitalia Alberto Burri, katika miaka ya 1970, alitengeneza picha nzima za nyufa, akaziongoza na kuzishika kwa gundi. Tazama kingo: zikiwa zimelala, ufa umetulia. Zikijikunja juu kama ganda la muhogo linalokauka, usitoe pesa.

Kisha omba ruhusa, upitishe kidole pembeni. Vumbi likibaki kidoleni, gundi ni haba. Geuza picha: kitambaa kilicholegea hakiwezi kubeba udongo mzito, na mimi kwa kazi nene napendelea ubao. Wachache hugeuza, ndiyo maana wengi hulia baadaye.

Pwani ya Lindi, iliko Kilwa, ina adui mwingine, chumvi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa kwa maji baridi huvuta unyevu, na baada ya muda unga mweupe huchomoza juu ya rangi. Muulize mchoraji aliutoa wapi mchanga na aliuosha vipi. Akibabaika, umeshajibiwa.

Rangi ya udongo wa kweli haiwi moja. Ndani ya wekundu utakuta kahawia, manjano na chembe nyeusi. Wekundu uliolingana kila mahali umetoka koponi. Hilo si dhambi, ila usilipie bei ya udongo.

Kuna muuzaji atakayejisifu kwamba kipande cha tumbawe kilichobandikwa kwenye picha kimetoka magofuni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na hakuna mwenye haki ya kuyabandua. Usinunue picha hiyo hata iwe nzuri vipi, na toa taarifa kwa wasimamizi wa magofu pale Kilwa Masoko.