Kanzu Haikuwa Itikadi: Funzo la Fulbert Youlou

Kuanguka kwa Padre Fulbert Youlou wa Kongo-Brazzaville mara nyingi huelezwa kama kisa cha padre aliyepotoshwa na tamaa ya madaraka. Maelezo hayo ni mepesi mno. Yanamhukumu mtu na kuyaacha mazingira yaliyomzaa.

Youlou alipata upadre mwaka 1946. Alipoingia katika siasa, wakuu wa kanisa walimzuia kusoma misa, lakini kanzu hakuivua. Mwaka 1956 alianzisha chama cha UDDIA na kuchaguliwa Meya wa Brazzaville. Kwa Walari wengi, waliokuwa bado wakimlilia André Matsoua aliyefia gerezani mwaka 1942, kanzu ile ilikuwa alama ya tumaini. Umma ulimpa imani yake. Yeye hakuupa chombo cha kumsimamia.

Uhuru ulipatikana tarehe 15 Agosti, 1960. Njia kuu za uchumi zilibaki mikononi mwa makampuni ya Kifaransa, askari wa Kifaransa hawakuondoka, na Rais akamwunga mkono Tshombe wa Katanga. Vijana wa mjini walizagaa bila kazi. Huo ndio ukoloni mamboleo.

Katika hali hiyo Youlou akatangaza azma ya chama kimoja. Kosa halikuwa kutaka umoja. Kosa lilikuwa kutaka umoja wa amri, uteremshwe kutoka Ikulu ili kuwanyamazisha wafanyakazi. Tarehe 13 Agosti, 1963 vyama vya wafanyakazi viligoma. Umati ulikwenda gerezani kuwafungua viongozi waliokamatwa, na risasi zikaua. Youlou aliomba msaada kwa de Gaulle, asiupate. Tarehe 15 alijiuzulu, miaka mitatu kamili tangu uhuru.

Hata hivyo, makada wasiishie kushangilia. Wafanyakazi waliiangusha serikali wakiwa hawana chama cha kushika hatamu. MNR iliundwa mwaka 1964, baada ya ushindi. Tangu siku ile ya Agosti jeshi ndilo lililoamua, na mwaka 1968 Kapteni Marien Ngouabi alishika madaraka.

Basi anayetaka kujua kama chama ni cha umma asitazame vazi la kiongozi wala asisikilize mahubiri yake. Aulize: mfanyakazi akisema "hapana" katika tawi lake, neno hilo linafika wapi?