Kosa la Ngerengere: Msafara wa Stanley katika Masika ya 1871

Katika yote yaliyotendwa na msafara wa Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York kumtafuta Livingstone, baina ya Bagamoyo na Ujiji mwaka 1871, mambo ambayo wasomaji wa safu hii wameyasoma na kuyasikia hata wanaweza kuyataja kituo kwa kituo, liko moja ambalo kila nilipimapo upya naliona kosa dhahiri lisilo na udhuru, nalo ni kuing'oa kambi ya ukingo wa mto Ngerengere, chini ya milima ya Uluguru, mwishoni mwa Aprili, na kuwateremsha watu na punda katika mbuga ya Mkata ilhali maji ya masika yameifunika. Wengi walioandika habari za safari ile wamelihesabu tukio hilo miongoni mwa misiba ya njia, kana kwamba Mkata ulimjia Stanley kwa ghafula kama simba wa usiku. Lakini Mkata haukumjia mtu, ulikuwa umelala mahali pake, na aliyeuendea ni yeye, kwa hiari yake.

Kuugawa msafara mafungu matano na kuyatanguliza moja baada ya jingine tangu tarehe 18 Februari ilikuwa tadbiri njema, na kumweka Sidi Mubarak Bombay kuwa mkuu wa askari ilikuwa njema zaidi; hayo nayakiri, na sina haja ya kuyarefusha.

Tuitazame hali ya msafara ulipofika mbele ya mji wa Simbamwene, pale ambapo leo ndipo Morogoro. Maili 119 tangu Bagamoyo zilikuwa zimetembewa kwa miendo 14, walakini miendo hiyo ilikula siku 29, maana yake ni maili nne na kitu kwa siku, mwendo ambao bibi kizee aendaye gulioni angeuona mchache. Stanley mwenyewe aliliandika jambo hili, na lawama akaitwika fungu la nne, la Maganga na wapagazi wake wa Kinyamwezi waliokuwa wagonjwa, akasema lau si wao angalifika kwa siku 16. Punda aliwasifu, kwamba kila mmoja amebeba ratili 150 na wote wamewasili wazima. Basi hapo ndipo penye hujja yote. Huyu ni mtu mwenye daftari mkononi, ambaye farasi wake wawili wamekwisha kufa, ambaye ameona kwa macho yake kwamba mvua iliyoanza siku mbili tu baada ya yeye kuondoka pwani imewaangusha wapagazi katika nchi ya vilima, nchi ambayo ardhi yake hunywa maji na kuyapitisha. Na mbele yake sasa iko nchi tambarare ambayo ardhi yake haiyapitishi. Ugonjwa wa watu wa Maganga ulikuwa onyo lililotangulia. Yeye akalisoma onyo hilo kuwa ni uvivu, akamlaumu mletaji.

Kisha tuutazame mji wenyewe. Simbamwene haukuwa kijiji cha kupitia tu na kuchota maji. Uliasisiwa na Kisabengo, mtu aliyejipatia enzi kwa upanga, na siku zile ulitawaliwa na binti yake. Ulikuwa na ukuta, na minara minne ya mawe katika pembe zake, na kwa kadiri ya Stanley mwenyewe nyumba zipatazo elfu moja. Nyuma yake iko Uluguru, ambayo huzuia upepo wa bahari na kuupokonya mvua kabla haujavuka upande wa pili, na ambayo vijito vyake havikauki hata mwezi wa Oktoba. Nani katika historia ya misafara ya nchi hii aliyepata kituo bora cha kungojea masika yapite? Chakula kipo, maji safi yapo, mwinuko upo. Wiki nne au tano za kukaa hapo zingaligharimu majora kadhaa ya merikani kwa posho, na maneno kidogo na sultani mwanamke juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita; na maneno hayo aliyapata vilevile, kwa kuwa alikataa kutoa hongo ya pili akidai kwamba Farquhar, mmoja wa wasaidizi wake wawili wa Kizungu, aliyetangulia na fungu lake, amekwisha kulipa, na baadaye, alipowarejesha watu watatu kumtafuta mpishi aliyetoroka baada ya kuchapwa, sultani huyo akawakamata. Walifunguliwa kwa shufaa ya Mwarabu mmoja, Thani bin Abdullah. Kwa hiyo hata gharama aliyoikimbia aliilipa, na asipate faida ya kukaa.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba juu ya Mkata sina subira, na hawatashangaa nikilirudia neno nililolisema mara nyingi: mbuga ile imesingiziwa. Yeyote aliyekulia Morogoro anajua tabia yake. Udongo wake ni mweusi, wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na ukilowa hufunga kabisa, tone moja lisipenye. Na nchi ni tambarare hata maji hayajui yaelekee wapi. Juu ya mvua yake yenyewe hupokea mito inayoshuka kutoka Ukaguru na Rubeho, ambayo yote hutaka kutoka kwa mlango mmoja wa mto Wami. Ndiyo sababu gharika ya Mkata haifuati kalenda ya mawingu: mbingu zaweza kutakata, jua likawaka, na mbuga ikaendelea kujaa kwa siku nyingi, kwa kuwa maji ya milimani bado yako njiani. Kwa hesabu ya Stanley masika ya mwaka ule yalikoma tarehe 30 Aprili, na siku hizo hizo yeye alikuwa majini. Alichagua, katika mwaka mzima, majuma ambayo mbuga ile hubeba maji mengi kuliko yote.

Wala mtu asinambie kwamba hayo ni mambo ya zamani yaliyokwisha na lami. Reli ya kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliichukua baina ya Kilosa na Gulwe pamoja na matuta yake. Na Januari 2014 maji yalilivunja daraja la Dumila, barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika, mabasi yakapangana pande mbili. Hata wageni wanaoshuka siku hizi kutoka Nairobi kwenda Cape Town kwa malori yenye mahema, wakapita hapa kwetu kuelekea Mikumi, madereva wao wenye akili huuliza kwanza habari za mvua kabla ya kuchagua uwanja wa kulala. Hao wana injini na simu. Stanley alikuwa na punda.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia kwa haraka kwa sababu ni matokeo tu, na uamuzi ulikwisha kupita. Mto Mkata ukavukwa kwa kuwaburura punda kwa kamba. Kisha ikaja bahari ya tope, maili kwa maili, maji mara ya magoti, mara ya kifua. Tarehe 4 Mei walifika Rehenneko, kwenye vilima vya upande wa pili, na hapo hesabu ikaanza kutolewa: Stanley ana kuhara damu, Shaw, msaidizi wake wa pili, mgonjwa, mbwa wake Omar amekufa, na punda, wale wale waliosifiwa mbele ya Simbamwene kwa kuwasili wazima, wakawa wafa mmoja leo na wawili kesho mpaka wakabaki watano. Kila punda aliyekufa alikuwa mzigo wa wapagazi wawili, frasila mbili kwa kila bega, na wapagazi hao hawakuwapo. Hii ndiyo hasara ambayo wanaomtetea hawaihesabu: siku chache alizoziokoa kwa kutongojea alizilipa kwa nguvu ya kubeba, na msafara usio na nguvu ya kubeba haupati tena mwendo wake.

Juu ya punda nimekwisha kusema katika safu hii kwamba ni mnyama wa Ugogo na Unyamwezi, wa nchi kavu, na kwamba kumpeleka penye tope na ratili 150 mgongoni ni kumhukumu. Na juu ya kuwapa mabaharia wawili, Farquhar na Shaw, amri ya misafara ya nchi kavu, ilhali pwani nzima ilijaa watu waliozeekea katika njia hiyo, nilikasirika nilipolisoma mara ya kwanza na bado sijatulia. Wote wawili walikufa, mmoja Mpwapwa na mwingine Tabora.

Sasa tuwatazame waliotangulia. Burton na Speke, wakiwa na Said bin Salim kuwa mkuu wa msafara, waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Waliugua nao, tena sana, katika mabonde ya upande wa kusini wa Uluguru kuelekea Zungomero, lakini hawakuongeza gharika juu ya homa. Speke na Grant waliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860. Wanyamwezi wenyewe, ambao ndio mabingwa wa kazi hii, nao kila msafiri mkubwa ni mwanafunzi wao ajue asijue, aghalabu waliteremka pwani wakati wa kiangazi, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, wakapanga kurudi kwao kulima mvua zianzapo. Na kama watakiwa mfano wa ushujaa wenye hikma, sioni wa kuwazidi Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, ambao bwana wao alipofariki Ilala tarehe 1 Mei 1873 waliuchukua mwili wake na wenzao, wakakataa shauri la Cameron, msafiri Mwingereza waliyemkuta Unyanyembe, la kuuzika huko, wakaufunga mfano wa mtumba wa nguo ili upite katika nchi ambazo maiti isingalipitishwa, wakautia Bagamoyo Februari 1874, masika hayajaingia. Hawakuwa na gazeti la New York nyuma yao. Walijua wapi pa kupita na lini.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimepewa mara nyingi: kwamba Stanley alifika, akamkuta Livingstone, na mwenye kufika hahukumiwi kwa njia. Jibu hili lina sura ya nguvu, walakini lipimwe kwa tarehe. Alifika Unyanyembe, ndiko Tabora, tarehe 23 Juni, kisha vita vya Waarabu na mtemi Mirambo vikamzuia huko mpaka tarehe 20 Septemba, karibu miezi mitatu. Simlaumu kwa vita vya Mirambo, hakuna aliyeweza kuvitabiri kutoka Ngerengere. Nasema tu kwamba kila siku aliyoinyang'anya Mkata kwa roho za punda wake alikwenda kuiacha Tabora. Tena Livingstone mwenyewe hakuwapo Ujiji siku hizo zote. Alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na alirejea Ujiji katika Oktoba, muda mchache tu kabla ya mgeni wake kutokea. Lau Stanley angalifika kwa mwendo alioutamani, angaliikuta nyumba haina mwenyewe. Kukutana kwao si hujja ya haraka, na wanaoifanya hujja hawajaziweka tarehe hizi mbili pamoja.

Kwa kuwa kosa halikuitwa kosa, likarudiwa. Kitabu cha Stanley kilichapishwa London mwaka 1872, na masika ya 1873 Verney Lovett Cameron na wenzake wakaondoka Bagamoyo katika majira yale yale na kuelekea nchi hizi hizi. Cameron akasimama Rehenneko hata mwishoni mwa Mei akiwangojea waliokuwa nyuma, na mmoja wao, Robert Moffat, kijana wa ukoo wa Livingstone, akafa kwa homa njiani kabla ya kumfikia. Hilo linaniuma kuliko punda wote wa 1871.

Na Stanley? Mwaka 1874 alirudi, na safari hii hakuipa masika nafasi: aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba, akashika njia iliyopanda zaidi kaskazini, na tarehe 12 Desemba alikuwa Mpwapwa, siku 25 tangu pwani, mahali ambapo mara ya kwanza alipafikia baada ya karibu miezi miwili, yu taabani na punda wake wamekwisha. Naam, alikuwa na watu wengi zaidi na maarifa zaidi. Lakini mwezi wa kuondoka na njia ya kushika ni mambo mawili ambayo Bombay, na Maganga, na kila Mnyamwezi aliyekuwa chini ya mzigo angaliweza kumweleza mbele ya kuta za Simbamwene, lau angaliketi nao akawauliza. Basi asinijie tena mtu na neno la kwamba mwaka 1871 hakuna aliyeweza kujua.